Safari ya miguu ya siku tatu kwenye korongo la jangwa: mwongozo kamili

Mpanda mlima hutaabika kwanza, kisha akashuka. Korongo ni mlima uliopinduliwa: unateremka asubuhi, miguu ingali na nguvu na chupa zimejaa, na mpando unakusubiri mwishoni, ukiwa umechoka na jua limepanda. Watu wengi wanaokwama kwenye makorongo ya jangwa hukwama kwa sababu hiyo tu. Ndiyo maana hapa hatuanzi na viatu wala hema. Tunaanza na msimu, kisha maji, kisha saa, na mzigo unafuata baada ya hayo.

Hatua ya 1: Msimu na njia

Ukingoni pakiwa na ubaridi wa kupendeza, chini kunaweza kuwa tanuri. Hewa kavu hupata joto kwa karibu nyuzi 1 ya Selsiasi kila unaposhuka mita 100. Kwenye Grand Canyon, Marekani, ukingo wa kusini uko kwenye mwinuko wa mita 2,100 hivi na Mto Colorado unapita chini kwa takriban mita 1,400. Siku ya kiangazi yenye nyuzi 28 juu inaweza kuwa na zaidi ya 40 chini. Usipange safari kwa utabiri wa hali ya hewa wa ukingoni.

Baadhi ya maeneo yamekufanyia uamuzi huo. Njia ya Fish River Canyon nchini Namibia, yenye urefu wa karibu kilomita 85 hadi kituo cha Ai-Ais, hufunguliwa kuanzia tarehe 1 Mei hadi 15 Septemba pekee, na mtembeaji hudaiwa cheti cha daktari. Kwingine hakuna wa kukuzuia, basi jizuie mwenyewe: majira ya katikati, kabla na baada ya kiangazi, ndiyo mazuri.

Kwa safari ya kwanza chagua njia inayojulikana, yenye maji ya kudumu kwenye kila kambi, kilomita 8 hadi 12 kwa siku. Kibali cha kulala ndani ya hifadhi omba mapema. Unapokichukua, waulize askari wa hifadhi maswali matatu: chemchemi zipi zinatoa maji wiki hii, mvua ilinyesha lini mara ya mwisho, na je, kuna sehemu ya njia iliyoporomoka? Jibu la swali la kwanza lina thamani kuliko ramani yoyote iliyochapishwa.

Hatua ya 2: Hesabu ya maji

Chukua ramani na penseli. Zungushia duara kila mahali penye maji ya kudumu, yaani mto au chemchemi iliyothibitishwa. Weka alama ya kuuliza kwenye vijito vya msimu na madimbwi ya mwambani. Kisha hesabu kila alama ya kuuliza kuwa sifuri. Ukiyakuta maji hapo, ni faida.

Kutembea juani na mzigo hula nusu lita hadi lita 1 kwa saa. Kambi isiyo na maji hula lita 3 kwa kila mtu: kupika, kunywa usiku, na chai na uji wa asubuhi. Tuseme kutoka chemchemi hadi kambi kavu ni saa 5, na kutoka kambi hadi maji mengine ni saa 2. Kwa robo tatu ya lita kwa saa, mchana unahitaji lita 3.75, kambini 3, asubuhi 1.5. Jumla ni lita 8.25, beba 9. Hizo ni kilo 9, kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja. Ukiona hauwezi kuzibeba, badilisha njia. Usipunguze maji ili njia ikubali.

Yagawe katika vyombo visivyopungua vitatu. Mifuko laini ni myepesi lakini mwiba mmoja unaimaliza, na maji yakimwagika hayazoleki. Kwa hiyo angalau lita 2 ziwe kwenye chupa ngumu. Unapotembea kwenda na kurudi kwa njia ileile, geuka theluthi moja ya maji inapoisha. Wengi hugeuka kwenye nusu, wakisahau kwamba kurudi ni kupanda.

Maji ya jangwani mara nyingi ni tope. Ukiyapitisha moja kwa moja kwenye kichujio, kitaziba kabla hujajaza chupa ya pili. Yaache yatuame usiku kucha kwenye sufuria au mfuko, au tia shabu ya unga, kiasi cha kushikwa kwa ncha ya kisu kwa lita 4, koroga polepole dakika chache, uache. Mashapo yakizama, mimina yale ya juu taratibu bila kutikisa chini. Hapo ndipo uyachuje.

Kila njia ya kusafisha ina upungufu wake. Kichujio chenye matundu ya maikroni 0.1 huzuia bakteria na vimelea, lakini hakizuii virusi. Vidonge vya klorini dioksaidi huua virusi na bakteria kwa haraka, ila kimelea cha kriptosporidi huhitaji saa 4. Taa ya urujuanimno haifai kwenye maji yenye tope, maana vijidudu hujificha nyuma ya chembe. Kuchemsha kunaua vyote: dakika 1 ya kutokota, au 3 ukiwa juu ya mita 2,000. Kichujio kilichokwisha kulowa kikiganda kwa baridi hupasuka ndani, na kwa nje hutaona chochote, hivyo usiku kiingize kwenye mfuko wa kulalia.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoondoa madini yenye sumu. Kijito cha Horn Creek ndani ya Grand Canyon kina urani kutoka mgodi wa zamani ulioko juu yake, na wasimamizi wa hifadhi wanawaambia watembeaji wasiyanywe maji yake. Ukiona migodi kwenye ramani, uliza kuhusu vijito vilivyo chini yake.

Hatua ya 3: Hesabu ya saa

Kanuni ya Mskoti William Naismith ya mwaka 1892 ingali inafanya kazi: saa 1 kwa kila kilomita 5, na saa 1 zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Naismith lakini hakuwa na lita 9 mgongoni wala nyuzi 38 kichwani. Ongeza nusu yake. Kilomita 10 zenye mpando wa mita 1,200 ni saa 2 na 2, jumla 4. Kwa mzigo na joto zinakuwa 6. Ukiondoka saa 10 alfajiri kwa tochi ya kichwani, saa 4 asubuhi umefika ukingoni. Ukiamka na jua, utakuwa bado kwenye mpando saa 6 mchana, mahali pabaya kuliko pote.

Kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni kaa kivulini. Wageni huona hilo kama siku iliyopotea. Kumbe ndizo saa za kulala, kula, kuchuja maji na kutazama ukuta wa mwamba ukibadilika rangi, na ni sehemu kubwa ya raha yenyewe.

Hatua ya 4: Mzigo

Begi zima, pamoja na maji, lisizidi robo ya uzito wako. Moja ya tano ni bora. Vifaa bila chakula na maji viwe kilo 8 au 9. Chakula kikavu gramu 700 kwa siku kinatosha wengi, na kiwe na chumvi: karanga, biskuti za chumvi, nyama kavu, supu za pakiti. Kwenye joto hamu ya vitamu hupotea, na watu hurudi na chokoleti iliyoyeyuka.

Mfuko wa kulalia uende chini kabisa. Vizito, yaani maji na chakula, vikae katikati, vigusane na mgongo, usawa wa mabega. Vikiwa mbali na mgongo vitakuvuta nyuma unapopanda, na vikiwa juu sana vitakuyumbisha kwenye kingo nyembamba. Kuvaa begi kuna mpangilio: legeza mikanda yote, vaa, funga kwanza mkanda wa kiunoni ukae juu ya mifupa ya nyonga, kaza, kisha vuta ya mabegani mpaka iguse bila kubana. Mabega yakiuma baada ya nusu saa, mkanda wa kiunoni umeteleza. Rudia.

Viatu viwe vikubwa kidogo, kwani miguu huvimba na kwenye mteremko vidole husukumwa mbele. Kata kucha siku mbili kabla. Ukihisi sehemu ya mguu inapata moto, simama hapohapo, toa mchanga, kausha, bandika utepe. Lengelenge likishatokea, siku tatu ni nyingi.

Nguo ziwe za mikono mirefu, pana, rangi nyepesi. Pamba, ambayo milimani hukatazwa, hapa inafaa mchana: iloweshe, ivae, ikupoze ikikauka. Usiku iweke kando, kwa sababu joto la jangwa huondoka na jua na hewa baridi huteremka hadi chini ya korongo. Mkeka wa kulalia usiuache nyumbani. Mwamba hunyonya joto la mwili kuliko hewa.

Kwenye kisanduku cha huduma ya kwanza hakikisha kuna utepe wa malengelenge, pakiti za chumvi na sukari za kurudisha maji mwilini, na kibanio pamoja na kitana. Kitana ni cha kung'olea kipande cha mpungate kilichokwama mguuni bila kukigusa kwa vidole. Filimbi na kioo cha kumulikia havina betri. Kifaa cha dharura cha setilaiti, kile cha masafa ya 406 MHz, kinahitaji kuona anga, na kwenye korongo jembamba ishara yaweza isitoke mpaka upande mahali palipo wazi.

Hatua ya 5: Karatasi ya kuacha nyuma

Aron Ralston aliingia peke yake Blue John Canyon, Utah, Aprili 2003, bila kumwambia mtu anakokwenda. Jiwe likambana mkono, na baada ya siku tano akaukata ili atoke. Mwandikie mtu mmoja unayemwamini: njia, kambi za kila usiku, idadi ya watu, rangi ya hema, gari limeegeshwa wapi, na saa kamili ambayo asiposikia kutoka kwako apige simu ya uokoaji, na namba yenyewe. Saa hiyo iwe na nafasi ya nusu siku baada ya muda unaotarajia kutoka. Baada ya hapo usibadilishe njia.

Hatua ya 6: Kutembea

GPS hudanganya katikati ya kuta ndefu: ishara hugonga mwamba na kurudi, na nukta kwenye simu huruka hadi korongo la jirani. Hesabu makorongo madogo yanayoingia kushoto na kulia, na uyaweke alama kwenye ramani ya karatasi unapoyapita. Geuka nyuma kila baada ya muda utazame njia ilivyo ukiwa unarudi; kwenye makutano ya mito mikavu, upande wa kurudi hufanana kote.

Mto mkavu mara nyingi hukatika ghafla kwenye maporomoko ya mwamba. Kabla ya kushuka, pima kama unaweza kupanda tena hapohapo. Usiruke, na usitelezee kwenye mwamba laini kwa makalio, hata kama ni mita 2 tu. Huenda chini kidogo kuna poromoko jingine la mita 20, na hapo huna kwa kwenda mbele wala kurudi. Wengi wanaookolewa kwa kamba huokolewa kutoka mahali pa namna hiyo.

Mwamba wa mchanga hupoteza nguvu ukilowa. Baada ya mvua, vishikio vilivyokuwa imara jana hukatika mkononi, basi subiri siku moja au mbili ukauke. Kwenye mawe yaliyolegea mpite mmoja mmoja.

Udongo mweusi wenye vinundu unaouona kati ya vichaka ni tabaka la viumbe hai wanaoshikilia mchanga usipeperuke. Hatua moja huliharibu kwa miaka mingi. Pita juu ya mwamba au ndani ya mto mkavu.

Ukizama kwenye mchanga mlaini karibu na maji, vua begi, jilaze nyuma kidogo na utikise mguu mmoja polepole ili maji yaingie pembeni yake. Kuvuta kwa nguvu huupoteza mchezo: mchanga hubana zaidi na kiatu hubaki chini.

Hatua ya 7: Mafuriko ya ghafla

Tarehe 12 Agosti 1997 watembeaji 11 walikufa ndani ya Antelope Canyon, Arizona. Mvua iliyowaua ilinyesha kilomita kadhaa upande wa juu, maji yanakotoka, si mahali walipokuwa. Mwamba mtupu haunywi maji. Karibu yote yanayoanguka hutiririka, na korongo jembamba huyakusanya kutoka eneo kubwa na kuyapitisha kwenye upenyo wa mita 1 au 2.

Kwa hiyo swali si "je, hapa kutanyesha?" bali "maji ya hapa hutoka wapi?" Kwenye ramani fuata mistari ya kontua, ile inayoonyesha mwinuko, kuelekea juu, chora eneo lote linalomwaga maji kwenye korongo lako, kisha soma utabiri wa eneo hilo. Kukiwa na dalili yoyote ya radi humo, usiingie kwenye sehemu nyembamba. Makorongo yenye urefu wa saa kadhaa bila pa kupandia yaachie siku ambayo anga ni safi kila upande, na uyapite asubuhi, maana radi za jangwani huzaliwa mchana.

Ukiwa ndani, tazama kuta. Vijiti na magogo yaliyonasa mita 5 juu ya kichwa chako vinakuonyesha maji yalifika wapi. Kila baada ya dakika chache jiulize ungepandia wapi. Dalili za mafuriko ni maji safi kugeuka tope, vijiti na povu kuanza kuelea, upepo wa ghafla wenye harufu ya udongo, na mngurumo kutoka juu ambao hauishi kama wa radi. Ukiona hata moja, panda mara moja, uache begi likikuchelewesha. Usijaribu kushindana na maji mbio kuelekea chini ya korongo. Ukishafika juu, kaa. Mara nyingi wimbi la pili hufuata la kwanza, na maji ya kufika magotini yenye kasi yanamwangusha mtu mzima. Huenda ukasubiri saa kadhaa au ukalala hapo. Ndiyo maana koti na filimbi hukaa mfukoni, si ndani ya begi.

Hatua ya 8: Kambi

Usilale kamwe ndani ya mto mkavu, hata mchanga ukiwa laini namna gani na anga ikiwa na nyota. Tafuta mwamba bapa au kingo ya mchanga iliyo juu ya takataka za mafuriko, mbali na ukuta unaoangusha mawe. Mawe mapya yenye ncha kali chini ya ukuta ni onyo. Kaa mita 60 kutoka kwenye maji, kwani wanyama nao huja kunywa usiku na hawatakaribia wakikuona.

Choo ni shimo la sentimita 15 hadi 20, mita 60 kutoka kwenye maji na njia. Karatasi ibebe kwenye mfuko uondoke nayo. Udongo mkavu hauiozeshi. Kwenye makorongo membamba sheria nyingi hutaka ubebe na kinyesi chenyewe kwenye mifuko maalumu. Si jambo la kupendeza, lakini kijito unachochuja kesho ndicho hicho.

Viatu vikung'ute asubuhi kabla ya kuvaa. Nge hupenda giza lenye joto.

Hatua ya 9: Joto mwilini

Kuna hali mbili zinazofanana na tiba zake zinapingana. Aliyepungukiwa na maji huumwa kichwa, ana kichefuchefu, na mkojo wake ni mchache wa rangi nzito: apumzike kivulini, anywe maji yenye chumvi kidogo kidogo. Aliyekunywa maji matupu mengi mno naye huumwa kichwa na kichefuchefu, ila anakojoa mara kwa mara mkojo mweupe na vidole vyake vimevimba. Huyo chumvi ya damu imeshuka, na kumwongezea maji ni kumwua. Mpe chakula cha chumvi, usimpe maji mpaka akojoe ya ziada. Akianza kuchanganyikiwa, omba uokoaji. Ili kuepuka yote mawili, kula kitu cha chumvi kila saa unapokunywa.

Mtu akianza kupepesuka au kuongea ovyo kwenye joto kali, hicho ni kiharusi cha joto. Usingoje uone kama ataacha kutoka jasho. Wengine hutoka jasho mpaka mwisho. Mlaze kivulini, mloweshe mwili mzima na nguo zake, mpepee bila kukoma. Kukiwa na dimbwi, mwingize ukimshika kichwa. Usimnyweshe asiyejitambua. Dakika za mwanzo zina uzito kuliko kitu chochote daktari atakachofanya baadaye, kwa hiyo poza kwanza, mwite mwokoaji huku mwenzako akiendelea kupoza.

Ukiunganisha na mlima

Milima ya jangwa huongeza mambo mawili. La kwanza ni mwinuko: kilele cha Toubkal, Morocco, kiko mita 4,167, na anayepanda haraka kutoka bondeni atalijua hilo kichwani. Juu ya mita 3,000 usilale zaidi ya mita 500 juu ya kambi ya jana, na pumzika siku moja kila baada ya siku tatu au nne. Kichwa kikiuma na ukatapika, usipande. Ukianza kuyumba au kukohoa ukiwa umepumzika, shuka usiku huohuo. La pili ni radi: uwe umeondoka kileleni kabla ya saa 6 mchana.

Ukitoka, mpigie kwanza yule uliyemwachia karatasi kabla hujafungua soda, maana saa yake inakwenda. Kisha suuza kichujio kwa kupitisha maji safi kinyume, anika hema hata kama halikulowa, na uandike kwenye ramani, pamoja na tarehe, kila chemchemi uliyoikuta na kila uliyoikosa.